Mstari Uliopita Msituni

Tangu nirudi Mbinga simu yangu haijapumzika. Ninyi wa Kondoa mmesikia nusu kwa dada yangu, nusu nyingine mmejitungia wenyewe: kwamba nimezama ziwani, kwamba nimefukuzwa kazi, kwamba nimebatizwa. Hakuna hata moja lililo kweli, ingawa yote matatu yalinikaribia. Naandika mara moja ili nisimsimulie kila mtu peke yake, maana kila nikisimulia viganja vinanitoka jasho.

Mbinga, Jumatatu

Mnajua mimi ni afisa biashara huku. Msichojua ni kwamba nchi inatengeneza mkakati wa kuuza kahawa Ulaya, na kwamba mkakati huo umenifanya nikose hamu ya kula. Soko la huko lina ushindani mkali. Wabrazili wapo, Wavietinamu wapo, Waethiopia wapo, na wanunuzi wameweka sharti jipya: kila gunia liende na ramani ya shamba lilikotoka, ionekane wazi kwamba hakuna msitu uliokatwa ili kupanda mibuni. Kwa hiyo timu ya mkakati kutoka Dodoma ilitugawia vishikwambi tukapande milima kupima mashamba. Maeneo safi yangepakwa kijani, yaanze kuuza. Yenye mashaka yangepakwa nyekundu, yakae nje.

Jumatatu asubuhi mkuu wangu wa idara alinirushia ramani iliyokamilika. Wilaya ilikuwa imejaa kijani, ila mgongo mmoja wa mlima juu kule Kitura ulikuwa mwekundu. Nilipoukuza nikaona jina la mkulima kiongozi, Longinus Kinunda, nikajua nimekwisha. Mgongo ule niliupima mimi.

Mstari wangu ulianzia kijito cha kushoto, ukapanda hadi kileleni, ukaumeza msitu mzima wenye chemchemi, ukashukia kijito cha kulia. Pembeni mwa msitu, ndani ya mstari, setilaiti ilionyesha eneo jipya lisilo na mti. Kwa mtu aliyekaa Dodoma ile ilikuwa picha ya wakulima waliofyeka msitu katikati ya shamba la kahawa. Lakini mimi nilikuwa nimepakanyaga pale. Palikuwa na vichaka tu, ardhi iliyopumzishwa miaka mingi, kijana mmoja wa ukoo akachimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo: wanalaza nyasi mteremkoni, wanafukia kwa udongo, wanapanda maharage. Kahawa yao iko chini kabisa, karibu na nyumba. Huko juu hakuna mbuni hata mmoja. Na chini ya fomu, palipoandikwa "mipaka imehakikiwa", kulikuwa na saini yangu, imenyooka vizuri.

Nilikwenda kwa mkuu wangu.

"Nyekundu moja wilaya nzima? Tumefaulu hiyo," akasema. "Achana nayo. Ukisema ulikosea hapo, watakuuliza na kwingine ulikosea wapi."

Nilikaribia kumsikiliza, sitawaficha. Nina ajira ya miaka mitatu na mama anayenitegemea. Lakini ukoo mzima wa Kinunda hauna zao jingine la kuuza. Nikampigia katibu wa timu.

"Ramani yenye saini haifutwi kwa simu," alinijibu. "Aje aliyesaini, aje na mwenye shamba, na vipimo vipya. Alhamisi tunawasikiliza wadau Mbamba Bay. Baada ya hapo orodha inafungwa."

Kupanda Kitura

Osmund, mwendesha bodaboda, ni baba wa watoto watano, na nilimchagua kwa sababu hiyo. Nilidhani mwenye watoto watano atakuwa mwangalifu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, njia imekuwa sabuni. Kabla ya mteremko wa kwanza alinigeukia.

"Mama, ukiona nimeruka, na wewe ruka."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake wa usalama. Nilifumba macho nikamkumbatia mgongoni kwa nguvu kiasi kwamba alilalamika hapumui. Ukungu ulishuka hadi nikawa sioni taa ya mbele. Kushoto kwangu nilisikia mto, lakini sauti ilitoka chini sana, na hapo ndipo nilipojua kushoto hapakuwa na kitu. Nikamwambia asimame, nikatembea. Sehemu kubwa ya safari ile niliilipia pikipiki huku natumia miguu.

Katika kutembea huko tulikutana na bibi mmoja mwenye kikapu cha mbegu za maharage kichwani, macho yamemfifia. Aliona gauni langu la kijivu na mtandio mweupe, akakitua kikapu matopeni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista!"

"Shikamoo bibi," nikasema. "Mimi si—"

"Zibariki mbegu zangu, Sista. Mwaka jana wadudu walinimaliza."

Nilimtazama Osmund anisaidie. "Bariki tu," akanong'ona, "tunalowa." Nikaweka mkono juu ya maharage, nikasoma kimyakimya dua niliyofundishwa na baba yangu ya kuomba kheri katika riziki. Bibi akaitikia amina kwa sauti, akaondoka ameridhika. Habari za kubatizwa kwangu naamini zilianzia hapo, na Osmund ndiye mtangazaji.

Kwa Baba Longinus

Tulifika Jumanne mchana. Baba Longinus Kinunda ni mwembamba, mrefu, ana kofia ya pama ambayo haivui ila kanisani. Alinipokea kwa furaha iliyoniumiza. Mkewe, Mama Benedikta, alileta kikombe kikubwa cha togwa.

Mimi na togwa hatukuwa tumewahi kufahamiana. Niliona povu, nikanusa uchachu, nikajua ni pombe. Nikakisukuma kikombe taratibu, nikasema asante, situmii. Mama Benedikta akakitazama kikombe, Baba Longinus akatazama pembeni, na nyumba nzima ikapoa. Osmund alilazimika kunieleza kwamba kinywaji kile wanapewa hata watoto wachanga, na kwamba nimewakataa wenyeji mlangoni mwao. Nikakichukua nikanywa chote kwa mkupuo mmoja. Kilikuwa kitamu, na nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa ilibidi niseme nilichokuja kusema.

Nikasema. Nikamwonyesha ramani nyekundu.

"Baba, siku ile ulijua natafuta kahawa?"

"Nilijua, mwanangu."

"Mbona ulinipitisha msituni?"

Aliipangusa kofia kwa kiganja. "Mgongo kama huu sisi tunauita ntambo. Ni wa ukoo, kutoka kijito hadi kijito. Mtoto wa kiume akipata akili, baba yake anamzungusha wote, hapimiwi nusu. Na mtu wa serikali akija na chombo, unamzungusha hivyohivyo. Kitakachobaki nje ya mstari wake, kesho kitakuwa na mwenyewe mwingine. Nilikuona unabonyeza huko juu msituni. Jioni nikamwambia mama huyu, sasa tumeandikwa."

Miezi yote hiyo alikuwa amelala kwa amani kwa sababu ya kosa langu. Nikamweleza kwamba mstari uleule unawatoa katika soko la Ulaya, na dawa ni kupima upya kahawa peke yake, msitu ubaki nje.

"Unataka niuachie msitu kwa mkono wangu mwenyewe," akasema.

"Nataka kahawa yako isikae nje, baba."

"Wewe uliiona miti. Uliona tunapita kwenye giza la miti. Mbona hukuuliza?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia tangu Jumatatu. Siku ile ya vipimo mteremko ulinishinda. Nilianguka mara mbili nyuma yake, nikalia bila sauti, nikafuta uso kwa mtandio. Nilichotaka ni kumaliza na kushuka. Kuuliza kungerefusha kazi, na sauti yangu ingetetemeka.

"Niliogopa," nikamwambia. "Niliogopa kuanguka, halafu nikaogopa kuonekana naogopa."

Mama Benedikta ndiye aliyejibu, huku akipepeta maharage: "Kahawa ndiyo inayosomesha watoto. Msitu haujawahi kuwalipia ada."

"Na maji ya kukobolea hiyo kahawa yanatoka wapi?" mzee akamuuliza, na mjadala ukaishia hapo. Tukala ugali na maharage.

Asubuhi nilimkuta uani, ana fimbo na viatu vya kanisani amevitia kwenye mfuko wa rambo. Hakusema amekubali. Alitembea tu hadi kwenye mbuni wa kwanza wa pembeni, akasimama, akaningoja nibonyeze. Tukaenda hivyo kona kwa kona, na kwa kila kona aliinua macho kuutazama msitu.

Kushuka Mbamba Bay

Osmund alikuwa amesharudi mjini, kwa hiyo barabara kubwa tuliifikia kwa miguu Jumatano saa tano, tukapata Fuso lililobeba kabichi. Dereva alitukaribisha mbele. Sijui kama ni heri ningekaa juu ya kabichi, kwa sababu mbele niliona kila kona kabla ya yeye kuiona. Alikuwa msimuliaji. Kila alipofika mahali pabaya aliachia mkono mmoja wa usukani atuonyeshe nani alidondokea wapi.

Katikati ya mteremko tulikuta udongo umeporomoka ukafunga njia. Tukakaa saa nne tukingoja greda. Abiria wa magari yote wakashuka, wakawasha moto, mama mmoja akachoma viazi vyake mwenyewe akatugawia watu tusiojuana. Mimi nilikuwa nahesabu masaa. Kila baada ya muda nilifungua kishikwambi kuangalia kama vipimo bado vimo, hadi Baba Longinus akaniambia, "Usipokiacha kipumzike kitachoka, halafu tutakuwa tumekuja na viazi tu."

Greda lilipomaliza, Fuso likashuka na breki zikaanza kunuka. Dereva akasimama kumwagia magurudumu maji, na hapo ndipo Ziwa Nyasa likafunguka chini yetu, pana, bila upande wa pili kwa jinsi mawingu yalivyokaa. Mimi wa Kondoa, ambaye maji mengi niliyozoea ni ya pipa, niliushika mlango wa Fuso.

"Kila siku naliona nikiwa juu," Baba Longinus akasema polepole. "Leo linaniona lenyewe."

Miaka yake yote hakuwahi kushuka hadi ufukweni.

Mbamba Bay tulilala nyumba ya wageni, na Alhamisi saa mbili tukawa kwenye ukumbi. Ulikuwa mtupu. Mfagiaji alisimamisha ufagio.

"Wale wa Dodoma? Wametangulia jana Liuli, wanakagua ufukwe wa kushushia mizigo. Kikao wamekihamishia huko. Saa nane."

"Gari la Liuli linapatikana wapi?"

"Kwa barabara? Kivuko kimesombwa jana usiku, wao waliwahi. Sasa hivi ni boti tu, dada."

Ziwani

Boti ilikuwa ya mbao, ina injini moja na maturubai. Nahodha alipoulizwa na mtu kuhusu mwera, ule upepo wao mkali wa kusini, alisema, "Utavuma, lakini bado kidogo." Hakuna neno lililonitia hofu katika safari nzima kama hilo "kidogo".

Nilikaa ukingoni kwa sababu ya ujinga. Mama mmoja wa Kinyasa, mchuuzi wa usipa, vile visamaki vidogo vya huku, alinivuta mtandio.

"Dada, njoo chini katikati. Usitazame maji. Tazama milima."

Nikakaa chini juu ya magunia yake. Baba Longinus akaja ubavuni kwangu, viatu vya kanisani mapajani, ameishika rozari. Mimi nikashika tasbihi yangu. Mama yule alitutazama, akacheka hadi akajishika mbavu. "Leo hatuzami. Tumeombewa pande zote."

Upepo ulikuja saa nne na nusu. Boti iliinuka, ikakaa angani kwa muda ambao haukuwa na haja ya kuwa mrefu vile, ikashuka kwa kishindo na maji yakatupiga wote. Mtu alipiga kelele na nilishangaa kugundua ni mimi. Nilikivua kishikwambi begani, nikakifunga katika mtandio wangu na mfuko wa rambo wa mzee, nikakikumbatia tumboni. Nimeshaambiwa na wengi wenu kwamba mtu anayekaribia kufa huwaza mama yake. Mimi niliwaza kona za mibuni. Niliwaza kwamba tukizama, ramani ya mwisho itakayobaki duniani kuhusu mgongo ule ni ile yenye uongo wangu.

Nahodha aliikatisha boti hadi kwenye ufukwe mdogo wenye nyumba tatu. Tukangoja. Saa tano ikapita, saa sita ikaingia. Wenyeji walitupikia ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, na Baba Longinus, ambaye alikuwa mweupe midomo, alikula kama mtu aliyekwisha kusamehewa.

"Hawa wadogo ni watamu," akakiri. "Huko kwetu wanafika wamekauka kama vijiti."

"Baba, tukichelewa?"

"Tutakuwa tumechelewa." Akalamba kidole. "Lakini utakwenda kusema hata kama wameshafunga. Si ndiyo?"

Niliyatazama mawimbi kwanza, naye akaona. Ukweli ni kwamba nusu ya moyo wangu ilikuwa inauomba ule upepo usitulie. Kikao kingefungwa, na mimi ningekuwa nimejaribu, na hakuna ambaye angeniuliza chochote mbele za watu. Saa saba kasoro ukatulia.

Liuli

Niliingia ukumbini nimelowa, mtandio umekauka vibaya kichwani, miguu peku. Viatu vyangu vilichukuliwa na ziwa. Mzee alisimama mlangoni kwanza akavaa vyake, akafunga kamba vizuri.

Jenereta lilikuwa linanguruma nje, na ramani ilikuwa ukutani. Kiongozi wa timu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, alikuwa anasema hana muda wa kubembeleza mtu: Ulaya hawasubiri, wenzetu wameshapeleka ramani zao, gunia moja lenye mashaka linaweza kufungia nchi mlango. Mkuu wangu alikuwa kiti cha mbele. Aliponiona aligeuza shingo polepole akatazama dirisha.

Nilieleza. Mtaalamu wa ramani akachukua kishikwambi, akauweka mstari mpya juu ya wa zamani.

"Huu wa kwanza nani aliuhakiki?" mama yule akauliza.

"Mimi."

"Sijasikia."

"Mimi, mheshimiwa."

"Kwa hiyo saini yako ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kwa nini niiamini ya pili?"

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimefanya mazoezi ya majibu tangu Kitura, na hilo halikuwemo. Nikasikia viatu vikigonga sakafu nyuma yangu. Baba Longinus alikuwa ameivua kofia.

"Shikamoo wakubwa. Huyu binti mstari wake haukudanganya. Ule ni mpaka wa ukoo wetu, kweli tupu. Ila si mpaka wa kahawa. Mimi ndiye niliyemzungusha nikijua. Niliogopa kwamba msipouandika msitu wetu, mtauchukua."

"Na sasa huogopi, mzee?"

"Sasa naogopa zaidi. Nikiushika msitu leo, kahawa yangu haiendi. Nikiuachia, sijui kesho nitamkuta nani kule juu. Nimeona bora niogope ya kesho."

Mama yule alivua miwani akaifuta, akamuuliza mtaalamu kuna migongo mingine mingapi wilayani ambayo mstari wake unapita msituni. Mkuu wangu akaanza kusema hakuna. Mtaalamu akasogeza ramani, akaonyesha kwa kidole, mmoja, mwingine, mwingine. Ilikuwa ya kijani kwa bahati tu, kwa sababu hakuna aliyechimba ngoro karibu.

"Yote itapimwa upya kabla sijapeleka kitu Dodoma," akasema. "Na atakayepima ni huyu. Barua yake ya onyo itamfuata."

Mgongo wa Kinunda ukageuka kijani pale ukutani. Nilidhani nitafurahi. Lakini mstari ulipojikunja kuelekea kwenye mibuni, msitu ulibaki nje, hauna rangi kabisa, mweupe.

"Mweupe maana yake nini?" Baba Longinus akauliza.

"Maana yake hauhusiki na mkakati, mzee," mtaalamu akamjibu kwa upole.

Kurudi

Tulirudi Ijumaa, ziwa limelala kama hakuna lililotokea. Botini na kwenye Fuso Baba Longinus aliitazama milima tu. Mama Benedikta alipotusikia uani alitoka mbio, nikamwambia kahawa imepita, akapiga kigelegele hadi majirani wakaja. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, kofia kichwani.

"Mwanangu," akasema walipoondoka, "na ule msitu sasa umeandikwa wapi?"

Nilitafuta jibu la kiofisi. Ninayo mengi, nyote mnajua. Nikasema, "Haujaandikwa popote, baba."

Akatikisa kichwa, hakukasirika. Nikatamani angekasirika.

Asubuhi nilimwomba anizungushe tena. Nilikiacha kishikwambi nyumbani kwake. Tulipanda kutoka kijito hadi kijito, nikaanguka mara tatu, na safari hii nililia kwa sauti naye akaningoja. Alinionyesha chemchemi moja moja na mti mkubwa kilipozikwa kitovu cha babu yake. Nilichora yote kwenye daftari. Chini nikaandika kwamba msitu huu ni wa ukoo wa Kinunda, kwamba wameutunza na hawakuukata, na kwamba mimi nimeuzunguka wote kwa miguu yangu.

Sina mamlaka ya kuandika vile. Karatasi ile ikitolewa siku moja mezani kwa mkubwa yeyote, nitaulizwa nani alinituma, na barua ya pili haitakuwa ya onyo. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika kalamu. Ile saini ya kwanza niliitia upesi, mkono umetulia kabisa. Kwa hii mkono ulitetemeka hadi jina langu likapinda.

"Muhuri?" mzee akauliza.

"Sina, baba."

Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kopo la bati wanapohifadhi vyeti vya ubatizo vya watoto. Kisha akautazama mkono wangu, ambao bado ulikuwa haujatulia.

"Sasa ndiyo umehakiki," akasema.